Mang'ati: neno la vitani lililoingia kwenye fomu

Mazungumzo haya niliyatoa Katesh, chini ya Mlima Hanang, mbele ya walimu wa Kiswahili na wazee wa pale. Nayaweka hapa kama nilivyoyasema, kwa ajili ya waliokosa kufika.

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, shikamooni. Walimu wenzangu, hamjambo? Na ninyi vijana mliojazana mlangoni, sogeeni mbele, viti vipo. Leo hakuna mtihani.

Naanza kwa kuungama. Mimi nimekulia Singida kijijini, na neno "Mang'ati" nililijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Mtoto akilia usiku, bibi anamwambia, "Nyamaza, Mang'ati atasikia." Ng'ombe akichelewa kurudi, "Mang'ati kampitia." Tukicheza, mmoja wetu anajifunga kipande cha shuka jeusi begani, anashika fimbo, sisi wengine tunakimbia tukipiga kelele. Huyo ndiye Mang'ati. Kesho zamu ya mwingine. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwona Mang'ati kwa macho.

Siku nilipomwona, nilikuwa na miaka kama minane. Mzee mmoja mrefu, amesimama uani kwetu kwa mguu mmoja, mguu wa pili kaukunja juu ya goti, kaegemea fimbo, na nyuma yake ndama wawili ulimi nje. Anaomba maji. Si yeye anywe, ndama wanywe. Bibi yangu, yule yule wa "nyamaza, Mang'ati atasikia", akachota mtungi akamimina kwenye karai. Wakazungumza muda mrefu. Yule mzee alisema Kinyaturu kizuri kuliko changu, maana mimi nilishaanza kukichanganya na cha shule. Alipoondoka nikamuuliza bibi, "Nani yule?" Akanitajia jina lake. Nikauliza tena, "Ni Mang'ati?" Bibi akanitazama kama mtu aliyefumaniwa mkono ukiwa chunguni. Akasema, "Ndiyo. Lakini usimwite hivyo."

Kwa nini nisimwite hivyo? Hilo swali nimetembea nalo tangu siku ile.

Sasa tulifungue neno lenyewe. Mang'ati si Kiswahili. Si Kidatoga pia, lugha ya Wadatoga, wafugaji hao tunaowaita hivyo. Ni Kimaa, lugha ya Wamaasai. Mmaasai akitaka kusema adui mmoja atasema *ol-mang'atinta*. Wakiwa wengi, *il-mang'ati*. Maadui. Ndiyo maana yake, wala hakuna fumbo. Kiswahili kilipolichukua kilikata ile *il* ya mbele, kikabaki na Mang'ati.

Walimu wa sarufi, hapa nataka mnisikilize vizuri. Neno hilo tayari ni la wingi. Kwa hiyo tunapomwita mtu mmoja "Mang'ati", tumemwita maadui. Yuko peke yake na fimbo yake na ndama wake wawili, sisi tumemwita jeshi zima. Halafu tukaona haitoshi, tukaongeza na *wa* ya kwetu: Wamang'ati. Wingi juu ya wingi. Na wale wanaoandika bila ile alama ya juu, "Mangati", hao hata adui hawakumfikisha salama. Ng'ombe bila alama hiyo si ng'ombe, na nyote hapa mnamjua ng'ombe.

Wamaasai waliwaita nani maadui? Waliwaita Wadatoga. Na walikuwa na sababu, kama Wadatoga walivyokuwa na sababu zao. Nyanda za juu za Ngorongoro, kabla hazijawa za Wamaasai, zilikuwa malisho ya Wadatoga. Katika karne ya 19 Wamaasai waliwasukuma kutoka huko, wakashuka kuelekea Ziwa Eyasi na kusini hadi huku Hanang. Makaburi ya wakubwa wao yalibaki kule kreta, na mpaka leo wazee wanayataja. Mtu hasahau alikomzika babu yake kwa sababu ameshindwa vita.

Vita vyenyewe vilikuwa vya nini? Ng'ombe na majani. Mmaasai anaamini Mungu alimpa yeye ng'ombe wote wa duniani. Mdatoga hajawahi kupata taarifa hiyo. (Hapa wazee walicheka sana, ikabidi ningoje.) Kwa hiyo kila mmoja akienda kumchukua mwenzake ng'ombe, alijiona anarudisha chake. Neno *il-mang'ati* lilizaliwa katikati ya watu wawili wanaojuana sana: wote wafugaji, wote wa mkuki, wote Waniloti, watu wa mti mmoja wa lugha. Kidatoga ni ndugu wa lugha za Wakalenjin wa Kenya, za kina Nandi na Kipsigis. Kimaa ni tawi jingine la mti huo huo. Ni binamu waliogombania boma.

Na niseme jambo ambalo wazee wa Kimaasai wamenieleza zaidi ya mara moja: si kila mtu aliitwa *il-mang'ati*. Sisi wakulima, sisi wa jembe, hatukuhesabiwa huko. Sisi tuliitwa *ilmeek*, watu wa nje tu, watu wa kawaida. Adui ni mtu unayemwandalia mkuki na unayemwota usiku. Ukiitwa adui na Mmaasai, umepewa heshima fulani, hata kama ni heshima yenye damu.

Wamaasai ni watu wa kutoa majina, hilo tuwape. Wale wawindaji na warina asali wasio na ng'ombe wakawaita *il-torrobo*, maana yake mafukara, watu wasio na mifugo. Kiswahili kikalipokea, kikafanya Wandorobo, na watoto wa shule wakakariri kwamba hilo ni kabila. Kabila la Mafukara! Mzungu alipofika amevaa suruali, wakamtazama, wakampa jina *iloridaa enjekat*. Mama zangu mnisamehe: wanaobana ushuzi. Kwa kuwa suruali haina pa kuutolea. Sasa niulizeni, mbona jina hilo halikuingia kwenye ramani? Mbona hakuna wilaya iliyoandikwa hivyo? Kwa sababu mwenye kalamu alikuwa ni huyo huyo mwenye suruali.

Hapo ndipo penye mambo. Neno la Wandorobo na neno la Mang'ati yaliandikwa kwa sababu waliotajwa hawakuwepo wakati wa kuandika. Msafara ukitoka pwani, ukipanda bara, unauliza njia kwa unayekutana naye. "Wale kule ni akina nani?" Unayemuuliza anajibu kwa lugha yake na kwa ugomvi wake. Wasukuma wangesema Wataturu, na hadi leo kule Igunga na Meatu ndilo jina lao. Aliyeulizwa akiwa Mmaasai, au mtu aliyejifunza kwa Mmaasai, jibu ni "Mang'ati". Ramani ikachorwa, tambarare iliyo hapa chini ya mlima ikaitwa tambarare ya Mang'ati. Tambarare ya Maadui. Mtoto anazaliwa humo, anakua, anaulizwa kwao wapi.

Jambo hili si la hapa tu. Afrika Magharibi kuna wafugaji wakubwa kabisa, wametawanyika kutoka Senegal hadi Sudan. Wenyewe wanajiita Fulbe, mmoja wao ni Pullo. Dunia inawaitaje? Inawaita kwa jina walilopewa na majirani zao Wahausa: Fulani. Sasa fikirini Mswahili anasoma gazetini "Wafulani wahamisha mifugo." Wafulani! Watu fulani! Hata hawakutajwa ni nani. Najua neno letu la fulani limetoka Uarabuni na lao limetoka kwingine, yamekutana njiani tu kama abiria. Lakini kila nikilisoma nacheka peke yangu.

Mfugaji anayehama ana shida hiyo popote. Mkulima unamkuta shambani, unamuuliza jina lake. Mfugaji ukifika amehama, unamuuliza aliyebaki, na aliyebaki ndiye anayekutajia jina.

Basi niwasimulie ya fomu. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza rafiki yangu mmoja Mdatoga kuchukua kibali cha kusafirisha mifugo. Ofisi siitaji, mkoa siutaji. Kuna meza, kuna kijana mpole tu, na kitabu cha vibali chenye karatasi ya kaboni katikati. Anauliza, rafiki yangu anajibu. Idadi? Madume sita, mitamba minne. Rangi? Hapo rafiki yangu akachangamka, akaanza kueleza: huyu mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni, huyu wa kijivu mwenye pembe iliyolala, huyu mweusi tumbo jeupe. Kijana akaandika "mchanganyiko". Ng'ombe kumi, neno moja. Kisha akauliza kabila. Kwa nini kibali cha ng'ombe kiulize kabila, sijui, lakini aliuliza. Rafiki yangu akasema, "Mdatoga." Kijana akainua kichwa. "Ndiyo nini hiyo?" Rafiki yangu akarudia, taratibu. Kijana akasema, "Aaa, Mang'ati," akaandika. Kalamu ikakandamiza, kaboni ikashika, nakala ya bluu ikatoka chini: Mang'ati. Muhuri juu yake, pwaa.

Tulipotoka nikamuuliza, mbona hukumwambia maana yake? Akanijibu, "Mmaasai akiniita Mang'ati, naelewa, na mimi nina la kumwita. Tunajuana. Yule kijana hajawahi kunipiga wala mimi sijawahi kumpiga. Anasema adui wa nani?"

Ndugu zangu, mimi nimefundisha Kiswahili zaidi ya miaka 30. Nimesahihisha insha juu ya maana ya msingi na maana ya ziada mpaka macho yakachoka. Sijawahi kusikia mwanafunzi akilieleza jambo hilo kama mfugaji yule aliyeshika kibali mkononi. Adui wa nani? Neno "adui" bila mwenye ugomvi limebaki tusi tu. Mmaasai alipolitamka lilikuwa na anwani. Karani alipoliandika lilikuwa limepoteza anwani, likabaki kufikishwa kwa kila mtu.

Sitaki kuwapaka mafuta wenyeji wangu. Hofu ya bibi yangu haikutoka hewani. Kulikuwa na wakati ambapo kijana wa Kibarabaig, tawi mojawapo la Wadatoga, aliyeua simba, tembo, au mtu aliyehesabiwa adui, alizungushwa kwa ndugu na majirani akipewa ng'ombe kwa heshima. Na katika hesabu hiyo ya maadui, Wanyaturu tulikuwamo. Kwetu wapo waliokwenda kutafuta kuni hawakurudi. Wazee mliokaa mbele hapa mnajua ninachosema, na nashukuru hamjainamisha vichwa. Kwa hiyo nao walikuwa na neno lao la adui, na sisi tulikuwa ndani yake. Tofauti ni kwamba lao halikupigwa muhuri.

Haya, wenyewe wanajiitaje? Datoga, ndilo jina la wote. Ndani yake kuna matawi: Wabarabaig, ambao ndio wengi hapa Hanang, Wagisamjanga, Warotigenga, Wabianjida na wengine. Kuna na ukoo wa wahunzi, Gidang'odiga, ambao ukienda Eyasi utawakuta wakiyeyusha misumari na makufuli mabovu, wakitengeneza bangili na vichwa vya mishale.

Na ni watu wa majina kwelikweli. Mwanamume jina lake linaanza na Gida, mwanamke Uda. Mwaka 1978, michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, Kanada, Mtanzania alishinda marathoni: Gidamis Shahanga. Mwaka 1982 kule Brisbane akashinda tena, mita 10,000. Waliosikiliza redioni hawakuhitaji kuambiwa katoka upande gani wa nchi. Gida ilikwisha sema.

Lakini kubwa zaidi ni hili, na hapa naomba nitulie kidogo. Mwanamke wa Kidatoga akishaolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Mtasema, hilo hata kwetu lipo. Subirini. Hatamki na maneno yanayofanana na jina hilo. Kama jina la mkwe limebeba sauti ya neno "maji", basi maji nayo yanabadilishiwa neno. Kama linagusa "mvua", mvua inapata jina jingine. Na si mkwe mmoja, ni wakubwa wa ule upande wote. Kwa hiyo bibi harusi anaingia boma jipya akiwa na kazi ya kujifunza upya lugha yake mwenyewe, neno kwa neno. Anafundishwa na wanawake waliomtangulia. Wana maneno yao ya kubadilishia, yamewekwa tayari kizazi kwa kizazi.

Niliwahi kuketi jikoni na mama mmoja amevaa sketi yake ya ngozi ya ndoa, ile *hanang'weenda* yenye nyuzi zinazocheza akitembea. Mtoto wake wa darasa la tatu alikuwa akimsomea kitabu cha Kiswahili. Kila akifika kwenye neno fulani, mama anageuza uso kuelekea moto. Mara ya kwanza nikadhani moshi. Mara ya tatu nikagundua ni neno lile lile. Lilikuwa limegusana na jina la mtu. Kwa Kiswahili! Lugha nyingine kabisa, na bado aliliogopea heshima yake.

Watu wanaolinda jina kiasi hicho ndio tuliowaandika "maadui" kwenye nakala ya bluu.

Mama wa jikoni ananirudisha kwenye Kiswahili chetu, maana nacho si kitupu. Tuna maneno mawili na tunayachanganya kila siku: kufuga na kuchunga. Kufuga ni kuweka kitu kikae kwako kikue. Unafuga kuku, unafuga ndevu, unafuga kucha, hata ugonjwa mtu anaufuga. Kuchunga ni kutembea nacho ukikiangalia. Chunga ulimi wako. Chunga mtoto barabarani. Mfugaji anaweza kuwa bwana mkubwa yuko mjini, ng'ombe wake wako porini. Mchungaji yupo na mifugo saa hii, vumbi limemjaa kope. Makanisa walichagua neno gani kwa kiongozi wao? Mchungaji. Hawakumwita mfugaji, na walifanya vizuri, ingawa siku hizi wapo wanaostahili lile la kwanza. Serikali ilichagua lipi? Wizara ni ya Mifugo, mtu ni mfugaji, na akihama ni "mfugaji wa kuhamahama". Sikilizeni hiyo *hamahama*. Irudieni. Inasikika kama mtu aliyepotea, kama kuku aliyekatwa kichwa.

Wabarabaig hawahami hivyo. Wana maneno ya kila aina ya malisho, na kila moja na msimu wake. Yale malisho bora ya bondeni huyaita *muhajega*. Hukai humo mwaka mzima, utayamaliza. Unaingia, unatoka, unayapumzisha, unarudi. Ukipita wakati yamepumzishwa, utaona nyasi hadi magotini na hakuna mtu. Utasema nini? Utasema, "Hapa pako wazi."

Ndivyo ilivyosemwa. Kuanzia karibu na mwaka 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la kilimo, NAFCO, likafungua mashamba ya ngano nyanda za Basotu. Mashamba saba, jumla kama ekari laki moja. Matrekta yakaingia muhajega. Yakapita na juu ya *bung'eda*, yale makaburi ya udongo yanayojengwa kwa heshima kubwa kwa wazee wachache. Nchi ilihitaji mkate, nami nimeula huo mkate, sikatai.

Kijiji cha Mulbadaw wakaenda mahakamani. Mahakama Kuu wakashinda. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Moja ya sababu, walimu wa lugha shikeni kalamu: wanakijiji hawakuthibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi. Sheria ilirithiwa kwa Mwingereza, na ndani yake "mwenyeji" ni neno lenye tafsiri yake, na ukilidai ulete ushahidi. Mtu ambaye ramani ilishamwandika kwenye tambarare yenye jina lake, hata kama jina ni la matusi, akaambiwa athibitishe kuwa ni wa hapo. Kuitwa adui hakudaiwa ushahidi. Kuitwa mwenyeji kulidaiwa.

Nimeongea sana, naona mama zangu wanatazama sufuria za chai. Nimalizie na rafiki yangu wa kibali.

Siku ile tulikaa mnadani chini ya mti, tunakula nyama ya kuchoma kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Nilikuwa nimepandwa na hasira ya kitabu, nikawa namwambia jinsi majina ya watu yanavyopaswa kutoka kwao wenyewe, jinsi nitakavyoandika, jinsi nitakavyosema kwenye mikutano kama huu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta kisu kwenye shuka. Akaniuliza, "Na wewe, Mwalimu, kabila gani?"

Nikasema, "Mnyaturu." Haraka, kama nilivyolijibu maisha yangu yote, kila fomu.

Akasema, "Ndivyo bibi yako alivyojiita?"

Bibi yangu alijiita Mrimi. Wote nyumbani, wakiongea wao kwa wao, walisema *Arimi*. Nikatafuna nyama ile muda mrefu.